Sumu iliyo ndani ya jina la dawa ya Mama

Dawa yenyewe ni tembe ndogo, nyeupe, bapa, haifiki hata upana wa kifungo cha shati la mtoto. Mama alipopewa mara ya kwanza aliiweka kiganjani, akaitazama, akaniuliza, "Baba, hii inaitwaje?" Huniita baba kwa sababu nimebeba jina la babake. Nikamsomea pakiti: Digoxin. Akajaribu kulitamka mara mbili, digoksini, digoksini, kisha akasema kitu kisicho na jina la maana hawezi kukimeza kila siku hadi kufa kwake.

Jina lina maana. Nilikwenda kuitafuta, nikaipata nusu, nikamwambia hiyo nusu. Nusu niliyoiacha ndiyo iliyokaribia kumuua. Naandika haya kwa ajili ya yeyote aliye na mzazi anayetumia dawa hii, au atakayempata kesho akiwa na pakiti yake mkononi.

Mama ni fundi wa kushona. Alianzia kwao Vihiga, akaja Nakuru alipoolewa, na sasa ana kibanda cha mabati hapa Free Area. Hushona sare za shule zaidi ya kitu kingine chochote. Desemba 2022, wakati oda za Januari zinapoanza kumiminika, alishindwa kukanyaga cherehani. Alikuwa akishona mshono mmoja, anasimama, anavuta pumzi kama aliyepanda mlima Menengai. Miguu ilivimba hadi ndara hazikumwingia. Usiku alilala ameketi, mito mitatu mgongoni, kwa sababu akijinyoosha chali aliona kama anazama majini.

Sisi watoto wake tulisema ni uzee na kazi nyingi. Tukapoteza wiki tatu hivyo. Kosa la kwanza ni hilo, na najua si sisi peke yetu tunaolifanya: mtu mwenye miaka sitini na mitatu akihema, tunasema apumzike. Kuvimba miguu pamoja na kukosa pumzi ukiwa umelala ni jambo la kupeleka hospitali siku hiyo hiyo.

Picha ya moyo ilionyesha vali moja, yaani mlango wa damu ndani ya moyo, imekazana na nyingine inavuja. Daktari akamuuliza kama utotoni aliwahi kuumwa koo kisha viungo vikavimba. Mama akakumbuka mwaka mzima aliokaa nje ya shule akiwa darasa la nne, magoti yamejaa, nyanya yake akimkanda kwa majani ya moto. Maumivu yale yaliisha, lakini moyo ulibaki na kovu, na miaka hamsini baadaye kovu likadai haki yake. Mapigo yalikuwa yanakwenda ovyo, haraka haraka bila mpangilio. Akaandikiwa dawa tatu: moja ya kukojoa ili maji yapungue, ile wengi tunaiita Lasix, moja ya kuzuia damu isigande, na digoksini ya kuutuliza moyo na kuupa nguvu. Ya mwisho iliandikwa nusu tembe kwa siku. Tembe ilikuwa ya miligramu 0.25, kwa hiyo nusu yake ni 0.125.

Dawa ya kukojoa aliikubali kwa kuwa aliona kazi yake siku ile ile. Hizo nyingine mbili alizikataa. Mama ni mtu wa miti shamba. Ana mwarobaini nyuma ya nyumba, ana mkebe wa unga wa majani ambayo dada yake humtumia kutoka Mbale ya Vihiga kwa matatu, na anaamini kwa dhati kwamba kilichoota ardhini ni ndugu wa mwili na kilichopikwa kiwandani ni mgeni. Sikutaka kubishana naye. Mimi nina duka la kutuma pesa hapa Free Area, na kuna saa za mchana ambazo wateja ni wawili watatu tu. Nikaketi na simu yangu nikaanza kulitafuta jina.

Nilichokipata kilinifurahisha hadi nikafunga duka mapema.

Digoksini imetokana na ua. Mmea wenyewe kwa Kilatini unaitwa Digitalis, na digitus kwa Kilatini ni kidole. Aliyeupa jina hilo ni daktari na mtaalamu wa mimea wa Ujerumani, Leonhart Fuchs, katika kitabu chake kikubwa cha mimea cha 1542. Hakulitunga kutoka hewani. Wajerumani wa kwao walikuwa tayari wakiuita Fingerhut, yaani kofia ya kidole, na hilo ndilo jina lao la kifaa ambacho fundi huvaa kidoleni ili sindano isimchome. Subana! Ua lake ni kengele ndefu, la zambarau, linaning'inia kwenye shina pamoja na wenzake mstari mzima, na kila moja linaingia ncha ya kidole barabara. Waingereza nao huuita glavu ya mbweha, jina la kale sana kwao. Na huyo Fuchs, jina la ukoo wake kwa Kijerumani maana yake ni mbweha. Sadfa tu, lakini nilicheka peke yangu dukani.

Jioni nilimwonyesha Mama picha. Alikuwa na subana kidoleni, akitia vifungo. Akaisogeza simu karibu na uso, akaiweka mbali, halafu akanyoosha kidole chenye subana akakiweka juu ya ua moja katika kioo, kama anayelipima. "Kwa hiyo hii ni dawa ya mafundi," akasema. Nikamwambia ndiyo Mama, ni majani ya ua hili, ni mti shamba kama miti mingine, wazungu wameukausha tu wakaufanya tembe. Akaomba maji akameza hapo hapo.

Maneno yangu yalikuwa hayo hayo: ni mti shamba kama miti mingine. Nimeyarudia moyoni mara nyingi sana tangu wakati ule.

Wiki za kwanza zilikwenda vizuri mno. Miguu ikapungua, usingizi ukarudi, mapigo yakatulia. Mama akarudi kwenye cherehani mwisho wa Januari, akamaliza oda. Akawa anawaeleza wateja habari za ua la subana, na kila mmoja alimjibu lile lile: kama ni mmea, hauna madhara. Na mti shamba kwetu una kanuni zake. Mwarobaini hunywi nusu kikombe. Unakunywa asubuhi na jioni, na ukiona mwili umelegea unaongeza. Uchungu ukizidi ndipo unajua unafanya kazi.

Tuliponunua pakiti ya pili ya tembe thelathini, mimi sikuwa nikihesabu tena. Nilimwona mtu mzima, mwenye akili zake, anayejua kupima nguo kwa nusu inchi. Kumbe tangu siku ile alikuwa anameza nzima asubuhi, na nusu jioni.

Dalili zilikuja polepole, na kila moja tuliipa maelezo yake. Alianza kukataa chakula. Ugali ulimnukia vibaya, samaki hakutaka hata kumwona. Tukasema vidonda vya tumbo. Akawa na kichefuchefu, na mwili umechoka kama aliyelima shamba. Tukasema malaria, maana alikuwa ametoka matanga kwao wiki mbili kabla. Nikaenda kemisti nikanunua dawa ya malaria bila kipimo, jambo ambalo namkataza kila mtu. Akaanza kutapika na kuharisha, na bado alikuwa anameza dawa ya kukojoa kila asubuhi.

Halafu likaja suala la kitambaa. Mteja alikuwa ameleta oda ya mashati meupe kumi na mawili, nikatumwa mjini kununua kitambaa duka la vitambaa tulilozoea. Nilipomfikishia, Mama alikikunjua mezani akanyamaza. Akakipeleka mlangoni kwenye mwanga, akakunja uso. "Baba, wamekupa kitambaa cha zamani. Kimekuwa cha manjano." Nikakitazama. Kilikuwa cheupe. Akanionyesha kwa kidole, hapa na hapa na hapa, chote kina manjano kama kilichofuliwa na maji ya kutu. Nikakirudisha. Mwenye duka akakikunjua pamoja na mimi, akaapa kwa Mungu wake kwamba ni kipya, akaniletea robota jingine. Lile nalo Mama akasema lina manjano. Siku hiyo nilimkasirikia. Nilidhani ugonjwa umemfanya awe mgumu. Nilimwambia kwa sauti ambayo mtoto hafai kumtolea mzazi wake, "Mama, kitambaa ni cheupe, macho yako ndiyo yamechoka."

Alikuwa ananipa dalili iliyo wazi kuliko zote, na mimi nikaijibu kwa hasira.

Siku ya tatu baada ya hapo alianguka akitoka chooni. Tulimkimbiza kituo cha afya kilicho karibu. Waliniuliza anatumia dawa gani. Nikasema, "za moyo na presha". Sikutaja jina hata moja, na hakuna aliyeniuliza zaidi. Wakamtundikia maji, wakamchoma sindano ya homa ya matumbo, tukalipa shilingi 2,300, tukarudi nyumbani. Usiku akazirai tena. Dada yangu ambaye amewahi kufanya kazi ya kutunza wagonjwa akamshika kifundo cha mkono, akahesabu akitazama saa ya ukutani. Mapigo 38 kwa dakika.

Hospitali kubwa tuliyofika saa saba usiku, daktari kijana wa zamu hakuuliza anatumia dawa gani. Aliuliza, "Pakiti ziko wapi?" Nikampigia jirani, akaingia kwa Mama, akazileta zote kwa bodaboda ndani ya mfuko wa plastiki. Daktari akamwaga tembe za digoksini mezani akazihesabu kwa ncha ya kalamu. Nne na nusu. Akatazama tarehe iliyoandikwa na kemisti kwenye pakiti: siku kumi na saba zilizopita. Akapiga hesabu kwenye karatasi mbele yangu. Thelathini kutoa nne na nusu ni ishirini na tano na nusu. Gawanya kwa kumi na saba. Tembe moja na nusu kila siku, mara tatu ya alichoandikiwa.

Halafu akaniuliza swali ambalo sikulitarajia: "Amewahi kulalamika kwamba vitu vina rangi ya manjano?"

Nililia pale pale mbele yake.

Siku nne zilizofuata Mama alilala akiwa na nyaya kifuani. Digoksini ilisimamishwa. Potasiamu katika damu yake ilikuwa imeshuka sana kwa sababu ya dawa ya kukojoa, kutapika na kuharisha, na figo zilikuwa zimechoka kidogo. Walimrudishia potasiamu polepole kwa mishipa. Damu ilitumwa Nairobi kupima kiasi cha dawa, na walisubiri saa sita zipite tangu tembe ya mwisho ndipo wakaichota, kwani ukichota mapema kipimo kinadanganya. Jibu lilikuwa nanogramu 3.6 kwa mililita. Daktari alisema hataki kuona ikizidi 2, na kwa mtu kama Mama angefurahi ikibaki chini ya 1. Alituambia iko dawa ya kuikata makali, imetengenezwa kwa kingamwili za kondoo, ila pale hawakuwa nayo. Tungoje mwili wenyewe uitoe. Na mwili hautoi haraka: kwa mtu mwenye figo nzima, nusu ya digoksini hubaki kwa siku moja na nusu hadi mbili. Ndiyo maana ukiongeza tembe leo na kesho, ile ya juzi bado iko, zinapandana.

Mfamasia wa wodi, binti mpole, ndiye aliyenieleza kwa nini potasiamu ina maana kubwa hivyo. Kila chembe ya misuli ya moyo ina vipampu vidogo vinavyotoa sodiamu nje na kuingiza potasiamu ndani. Digoksini hukaa juu ya pampu hiyo na kuizuia. Sodiamu inabaki ndani, kalsiamu inaongezeka, na msuli unakaza kwa nguvu zaidi. Hiyo ndiyo faida yake. Lakini potasiamu na digoksini zinagombea kiti kimoja kwenye pampu ile. Potasiamu ikipungua, dawa inakalia viti vyote. Kwa hiyo mtu anayemeza dawa ya kukojoa pamoja na digoksini, akiharisha siku mbili tu, dozi aliyoizoea inaweza kugeuka. Akaniambia pia kuwa ziko antibiotiki, klarithromisini ikiwa mojawapo, zinazopandisha digoksini mwilini. Sikuwa najua. Mara ngapi nimemnunulia Mama antibiotiki za kikohozi juu ya kaunta, Mungu wangu.

Usiku wa wodini ni mrefu. Nilirudi kwenye lile jina, safari hii nikiwa na hofu, na nikaitafuta nusu niliyoiacha.

Digoxin ina sehemu mbili. Mwanzo ni ule wa Digitalis, kidole. Mwisho wake ni mkia wa neno jingine: toxin. Mwaka 1875 Mjerumani Oswald Schmiedeberg alitoa kiini kimoja kwenye mmea huo akakiita digitoxin, yaani sumu ya Digitalis. Mwaka 1930 Mwingereza Sydney Smith, mkemia wa kampuni ya Burroughs Wellcome, akapata kingine kutoka kwa ndugu yake mwenye manyoya, Digitalis lanata, na hicho kikaitwa digoxin. Walikata herufi, lakini sumu ilibaki ndani ya jina, imeandikwa kwenye kila pakiti. Na toxin yenyewe inatoka kwa Wagiriki wa kale: toxon ni upinde, na toxikon ni ile dawa ya kupaka kwenye mishale. Kidole, subana, upinde, mshale. Mimi nilimpa Mama subana, nikaficha mshale kwa kutojua.

Nikawaza jinsi sisi wenyewe tunavyosema. Dawa ya homa, dawa ya panya, dawa ya kupe. Kwetu neno dawa linabeba la kuponya na la kuua, na Wagiriki nao hawakuyatenganisha: pharmakon yao ilikuwa dawa na ilikuwa sumu. Nadhani wahenga walijua walichokuwa wakisema.

Kitanda cha jirani alilazwa mzee kutoka Baringo. Mwanawe alikuwa analala sakafuni kama mimi. Nilipomsimulia habari za upinde, akamwamsha babake, na mzee yule, kwa sauti ya chini, akatueleza jinsi wawindaji wa zamani walivyochemsha magome na vipande vya mti fulani siku nzima hadi maji yakawa meusi, mazito kama lami, ndipo wakapaka mishale. Mnyama akichomwa hafi kwa jeraha. Anafia moyo. Waswahili wa pwani mti huo huuita msungu, Wamaasai olmorijoi. Mwaka 1888 Mfaransa Léon-Albert Arnaud alitoa kiini chake, na kikaitwa ouabain, kutokana na jina la Kisomali la sumu hiyo, waabaayo. Ouabain inaikalia pampu ile ile ya moyo ambayo digoksini ya Mama inaikalia, na kuna nchi ilitumika kama dawa ya moyo. Hata John Kirk, yule ambaye baadaye alikuwa balozi wa Uingereza kule Zanzibar, alipokuwa katika msafara wa Livingstone wa Zambezi, mswaki wake ulichafuka kwa sumu ya mishale ya mmea mwingine aliyokuwa ameibeba, na alipopiga nao meno akaona mapigo ya moyo wake yamepungua. Sumu ile ilipelekwa Edinburgh, ikawa dawa ya moyo iliyoitwa strofanthini.

Mzee alisema neno moja ambalo limebaki nami: chungu cha kupikia sumu ile hakikuwahi kuingizwa ndani ya boma.

Kilichonigusa zaidi ni habari ya William Withering. Alikuwa daktari wa Birmingham. Mwaka 1775 aliulizwa maoni yake kuhusu dawa ya siri ya familia iliyokuwa mikononi mwa bibi mmoja wa Shropshire, ambaye aliwaponya watu waliovimba maji pale madaktari waliposhindwa. Ndani yake mlikuwa na majani ya aina ishirini au zaidi. Withering akatambua kwamba linalofanya kazi ni moja tu, glavu ya mbweha. Mganga wa kienyeji ndiye aliyekuwa na dawa, na Mama aliposikia hilo baadaye alifurahi sana, na ana haki. Lakini Withering alitumia miaka kumi akipima: jani la wakati gani, likaushwe vipi, unga kiasi gani, mgonjwa gani. Alipochapisha kitabu chake mwaka 1785, aliandika habari za wagonjwa zaidi ya 150, waliopona na waliokufa. Na aliandika dalili za aliyezidishiwa: kutapika, kuharisha, kizunguzungu, kuona vitu vina rangi ya kijani au manjano, mapigo kushuka hata hadi 35, kuzirai, kifo. Kanuni yake ilikuwa kwamba dawa itolewe hadi iguse figo, tumbo, mapigo au choo, na dalili ya kwanza kati ya hizo ikionekana, isimamishwe.

Soma orodha hiyo tena. Mamangu aliipitia yote isipokuwa la mwisho, kwa mpangilio unaokaribia kuwa ule ule, na ilikuwa imeandikwa miaka mia mbili na zaidi kabla ya mimi kukirudisha kile kitambaa.

Bima ililipa kitanda. Vipimo, mashine ya moyo, damu ya Nairobi, na usafiri vilitutoa 47,000. Tuliuza mashine ya kufunga pindo, ile ya ovaloki, kwa 18,000. Mama hakuniuliza tumeuza nini. Alirudi kibandani, akaona pale ilipokuwa pako wazi, akaweka kiti.

Alirudishiwa digoksini wiki kadhaa baadaye, miligramu 0.0625 kwa siku, na tangu hapo mambo yamebadilika nyumbani kwetu. Sisemi tena nusu tembe au tembe moja. Nasema miligramu, kwa sababu zipo tembe za 0.25, za 0.125 na za 0.0625, na kemisti akibadilisha aina, nusu ya jana si nusu ya leo. Nikinunua, nasoma namba kwa sauti mbele ya muuzaji, naye anaisoma. Tembe hazitoki kwenye pakiti yake kwenda kwenye kichupa kingine. Kila Jumapili nazihesabu, na hesabu ikikataa tunazungumza bila kugombana. Akisahau siku moja, haongezi kesho yake. Akiharisha au akitapika, hamezi hadi tupige simu kliniki, na potasiamu na figo hupimwa kila anaporudi. Kadi yenye majina ya dawa zake zote, pamoja na ule unga wa Mbale ambao daktari alituomba tuuache, iko nyuma ya kitambulisho chake.

Na kila asubuhi kabla ya kumeza, anahesabu mapigo dakika nzima, si nusu dakika mara mbili, kwa sababu moyo wake haupigi sawasawa. Yakiwa chini ya 60 hamezi, ananipigia. Yameandikwa katika daftari la vipimo vya wateja, kurasa za nyuma: 72, 68, 75, 70.

Mimi nilimwomba msamaha kwa lile la kitambaa. Aliniambia, "Baba, hata mimi nilijua ni cheupe. Nilijua nilikuwa naona vibaya. Niliogopa kusema." Hilo linaniuma kuliko gharama. Ukiwa na mgonjwa nyumbani, muulize anachokiona, na akikuambia jambo lisilowezekana, mwandikie daktari neno kwa neno.

Mwezi uliopita nilimkuta Mama na jirani, mama anayeuza mboga mbele ya kibanda. Miguu yake ilikuwa imevimba, na alikuwa amesikia habari za dawa ya ua la subana. Alitaka aazimwe tembe mbili tu, ajaribu. Mama alifunga pakiti, akaisukuma chini ya vitambaa. Akavua subana, akamshika yule mama mkono, akaweka vidole viwili juu ya kifundo, na kunigeukia. "Baba, nitazamie saa."

Alihesabu kwa sauti hadi mia moja na kumi na nne, na mapigo hayakuwa na mpangilio. Akamwambia afunge mboga zake, nitamfikisha kliniki kabla hawajafunga.